YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA, NA MAJINA WANAYOITANA WATOTO WETU

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salaam. Leo tumefunga shule. Ripoti iko kwenye begi la mwanao. Akisema hajapewa, mwulize tena. Matokeo tutayajadili kwenye kikao. Leo nina jambo jingine.

Muhula huu kijana mmoja wa Kidato cha Pili, hodari wa Hisabati, alikuwa akitoweka kila saa ya chakula. Mwalimu wa malezi alimkuta nyuma ya madarasa akisubiri kengele ilie. Wenzake walikuwa wamembatiza "Deni". Akisogelea foleni ya makande, wanagonga sahani.

Nilipowahoji, mmoja akanijibu taratibu: "Mwalimu, si nyie ndio mlimsoma mstarini?" Nikakosa la kusema. Kila Ijumaa tulisoma mbele ya shule nzima majina ya watoto ambao mchango wao wa chakula haujalipwa. Ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka ilifutwa Januari 2016, tukajua mwenye nacho na asiye nacho sasa wako sawa. Kumbe tofauti ilihamia kwenye sahani, na watangazaji tukawa sisi walimu. Wazazi wa watoto hao, naomba radhi. Mchango sasa ni mazungumzo ya ofisi na mzazi, na hakuna mtoto atakayeondolewa kwenye foleni.

Wanaoonewa si wasio nacho peke yao. Binti mmoja anayeletwa kwa gari alikuwa akitozwa mia tano kila asubuhi, eti "hela ya geti kali". Mmoja wa waliomtoza ni yule yule aliyechekwa mwaka jana kwa kuja shule na yeboyebo. Simtetei, adhabu amepata na fedha amerudisha. Ila kicheko kile cha mwaka jana hakuna aliyeadhibiwa kwacho, na hilo nalo ni letu.

Halafu kuna maneno ambayo hayakuzaliwa shuleni. "Wa uswahilini." "Si baba yake ni mpiga debe tu?" Mtoto wa miaka 14 ameyaokota sebuleni, wakubwa tukiongea tukidhani yuko kwenye simu. Nasema "tukiongea" kwa sababu na mimi nina watoto.

Likizo hii, ukishamwuliza mwanao kama kuna anayemwonea, mwulize pia yeye anamwita nani jina gani. Hapo atanyamaza kidogo, msubiri. Na akikwambia anaonewa, tafadhali usimwambie "na wewe mpige". Mpigie mwalimu wa darasa, au mimi.

Tarehe ya kufungua iko kwenye ripoti. Viatu vyeusi vyovyote vinakubalika, vya mtumba pia. Asiye na fedha taslimu za mchango alete mahindi au maharage. Mtunza stoo atayapokea mchana, watoto wakiwa darasani.

Wenu katika malezi,
Mkuu wa Shule