Zabuni za wenyeji ziwafikie mafundi wenyewe

Mhariri,

Kila msimu wa bajeti za kaunti ukifika, suala la zabuni kupewa wenyeji huzuka upya, na watu hugombana kuhusu nani mwenyeji na nani wa kuja. Mimi nataka wenyeji wapewe kipaumbele, tena bila kuona haya. Kinachoniuma ni kwamba kipaumbele hicho hakimfikii aliyekusudiwa.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inaitaka kila kaunti itenge angalau asilimia 20 ya ununuzi wake kwa wakazi wake. Wapo wanaoita huo ubaguzi, wakitaja Kifungu cha 227 cha Katiba kinachodai ushindani na gharama nafuu. Wasome kifungu chote: kinaruhusu pia baadhi ya makundi kupendelewa katika utoaji wa kandarasi.

Tuchukue viti na meza za shule za chekechea, ambazo ziko chini ya kaunti. Hapa Kisauni wapo maseremala wanaozitengeneza kwa mbao za mwembe, wakampa kijana wa mtaani kazi ya kupiga msasa na mama wa chakula wateja wa mchana. Mguu wa kiti ukilegea muhula wa pili, mwalimu humpigia fundi simu, naye huja jioni na gundi na misumari. Kiti kilicholetwa kwa lori kutoka mbali kikivunjika hurundikwa nyuma ya darasa hadi kioze. Gharama hiyo haionekani kwenye karatasi za kulinganisha bei, ila mzazi anayemkuta mwanawe ameketi sakafuni anaijua vizuri.

Sasa tazama nani hushinda zabuni hizi za wakazi. Mara nyingi ni mtu asiye na karakana wala randa. Ana cheti cha kampuni, sanduku la posta la Mombasa na jamaa yake ofisini. Akishapata LPO, yaani hati ya kaunti ya kuagiza bidhaa, ananunua viti vya plastiki kwa waagizaji, anaweka faida yake juu, na kwenye ripoti inaandikwa kwamba wenyeji wamenufaika. Wakati huohuo seremala mwenye karakana Kisauni ila analala Mtwapa anaweza kuambiwa si mkazi, kwa kuwa Mtwapa iko Kilifi. Mtu huyu analipia leseni ya biashara hapa na anaajiri vijana wa hapa. Kama si mwenyeji, basi neno hilo lina kazi gani?

Lakini hata fundi halisi akishinda, bado hajapona. Namfahamu mmoja aliyepata LPO ya meza katika kaunti moja ya Pwani. Alikopa katika chama chake cha kuweka akiba akanunua mbao, akapeleka mzigo wote, akatiliwa saini. Mwaka ukaisha, wa pili ukaingia. Kila akienda kuuliza huambiwa IFMIS, mtandao wa serikali wa malipo, una hitilafu, au fedha hazijatoka Nairobi. Mwishowe aliuza mashine yake ya randa kulipa chama, na leo ni kibarua katika karakana ya mwenzake. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti za miaka ya karibuni zimeonyesha kaunti zikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 150, Kaunti ya Nairobi ikiongoza. Kampuni kubwa huweza kusubiri kwa sababu benki inawaamini. Fundi hana wa kumwamini ila chama, na chama kina watu wanaotaka karo.

Kwa hivyo nawaomba wawakilishi wadi wetu, kabla ya kujisifu kwa asilimia 20, wamtume afisa akaone karakana ya aliyeshinda: mashine zipo? Wafanyakazi wapo? Zabuni ya viti elfu mbili igawanywe kwa wadi, ili seremala mwenye vijana wanne aimudu. Na malipo ya wazabuni hawa wadogo yatolewe ndani ya siku 60, kabla ya kugusa hundi ya mkandarasi mkubwa yeyote, huku majina ya waliolipwa na wanaodai yakibandikwa katika ofisi ya kila wadi.

Mkazi wa Kisauni,
Mombasa