Owino Uhuru: usafishaji wa udongo ukiisha, nani atasema umeisha?

Mhariri,

Hii kesi ya mtaa wa Owino Uhuru hapa Mombasa, wakazi waliopata sumu ya risasi (lead) ya kiwanda, watu wanaongelea fidia tu, ile shilingi bilioni 1.3 ya korti ya 2020 ambayo ilifutwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu ikairejesha 2024, na sawa, walipwe, wamengoja sana, lakini mimi naulizia udongo. Kile kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa 2014, ila madini ya risasi hayaozi, yako tu kwenye vumbi watoto wanachezea.

Sasa siku trekta zikija kuchimbua, waandike kabisa kabla hawajaanza: udongo ubaki na risasi kiasi gani ndio pahesabiwe pasafi, apime nani ambaye si kontrakta mwenyewe maana huyo atajipasisha tu, na ule mchanga mbovu unaenda wapi, isije ikawa ni mtaa mwingine. Watoto nao wapimwe damu kila mwaka, sio mara moja ya kamera. Na kama kuna sehemu itafunikwa tu iachwe, iandikwe kwenye hati ya shamba, la sivyo kuna mtu atauziwa hiyo ploti achimbe shimo la choo.

NEMA, ile mamlaka ya mazingira, wabandike hiyo plani mtaani, kwa Kiswahili tafadhali.

Mkazi, Changamwe