Ukienda Dubai usiniletee vitu vya Kamukunji

Kwa Mhariri,

Wikendi iliyopita mliandika vizuri sana habari za kwenda kutembea Dubai, hoteli mkaweka, lile jengo refu mkaweka, mpaka nauli ya taksi, lakini mlipofika kwa mambo ya kununua vitu mkatuambia tu ati kuna maduka ya kila aina halafu mkaenda zenu. Jameni, si hapo ndipo watu wanaliwa pesa? Mimi nimeenda mara mbili na ile ya kwanza nilirudi karibu nilie, kwa hivyo niacheni niongezee kidogo.

Mara ya kwanza nilifanya ile kitu kila mtu wa Nairobi anafanya, nikapelekwa moja kwa moja Dragon Mart, lile soko la bidhaa za China lililojengwa refu kama joka, unatembea ndani zaidi ya kilomita mpaka miguu inafura. Nikanunua mapazia, shuka seti nne, taa ya sebuleni na vibanio vya nywele vya kuuza dukani kwangu. Eapoti nikalipishwa kilo za ziada. Wiki hiyo hiyo nimerudi nikapita Kamukunji, soko letu la hapa Nairobi, kutafuta sufuria, nani ananingojea mlangoni? Mapazia yangu! Rangi ile ile, maua yale yale, na bei ni ya chini kuliko niliyolipa kule kabla hata ya kuhesabu mzigo. Kijana wa duka ananiangalia nimesimama tu ananiuliza, "Mathe, nikufungie ngapi?"

Na hiyo ni afadhali, shali ndiyo iliniuma. Hiyo nilinunua kwa soko la zamani kule Deira, muuzaji ananiita dada, anajua kusema "mambo" na "karibu" na "bei poa", akaniapia kwa mamake ati imefumwa na wanawake wa jangwani kwa mkono. Nikatoa dirham 120, hiyo ni kama elfu nne na mia mbili hivi za kwetu. Kufika nyumbani binti yangu anaigeuza pindo, anapata lebo iliyokatwa na makasi lakini jamaa hakumalizia vizuri, imebaki nusu, na kwa hiyo nusu unasoma India wazi kabisa. India hawana makosa, wanafuma vizuri, ila si nilikuwa nimelipia jangwa.

Sasa ukifikiria vizuri, Dubai ni mji wa kupitisha mizigo tangu zamani, vitu vingi pale ni wapita njia kama sisi. Zafarani inatoka Iran (na ukiuziwa feki utajua ukitia kwa maji, ya ukweli inatoa rangi ya njano polepole na uzi wake unabaki mwekundu, feki inamwaga rangi saa hiyo hiyo). Ubani unatoka Oman na Somalia, yaani mtu anapanda ndege ya masaa matano kwenda kununua kitu kilichojaa Eastleigh hapa Nairobi. Hata dhahabu haichimbwi pale. Dhahabu lakini siwakatazi, kwa sababu bei ya gramu ya siku hiyo imeandikwa kwa ubao, karati 24, 22, 21, 18, hiyo hamzozani, mnachozozania ni pesa ya ufundi tu na hapo usimwonee mtu haya, mwambie apunguze mpaka achoke. Mkipita muangalie ile pete ya maonyesho ya kilo sitini na kitu, halafu muendelee na safari.

Mara ya pili nilienda Julai, joto la zaidi ya digrii 40, nikalala kwa binamu yangu ambaye ni msusi kule Deira miaka tisa sasa. Akaniambia leo hakuna mol, tunangoja jua lishuke twende Waterfront Market, lile soko la samaki na matunda. Mimi nikajua ananipeleka kununua kitoweo. Kumbe ni tende.

Mhariri, sisi huku tende tunaijua ya Ramadhani, ile nyeusi imeshikana kwa paketi kama sukari nguru mpaka uipasue na kisu. Pale nilikuta tende za njano bado ziko kwa shada lake, ngumu, ukiuma zinalia kwa meno kama karoti, utamu uko lakini na ukakasi kidogo. Halafu kuna zile zimeiva nusu, kichwa cha njano na mkia wa kahawia laini, hizo wanaita rutab, na ukiweka mdomoni ile nusu laini inayeyuka na ile nusu ngumu inabaki unatafuna, sijawahi kula kitu kama hicho. Na ziko na majina kama watu, khalas, lulu, fardh, khenaizi. Mzee aliyekuwa anauza hakuniita dada wala hakujua kusema "mambo". Alinipa moja ya kila aina na kikombe kidogo cha kahawa chungu yenye iliki, ile ile ya wazee wa Mombasa, akangoja nimalize kutafuna ndipo akaniambia hizi ni za Liwa, kule ndani jangwani upande wa Abu Dhabi. Nikabeba khalas kavu kilo tano. Rutab nilikula hapo hapo kama mtoto, hizo hazisafiri, bila friji zinaharibika haraka, na kama hukuenda kiangazi chao huzipati hivyo fresh.

Hapo karibu nikapata kitu kingine, ndimu kavu, wanaita loomi, ndimu imechemshwa na chumvi ikaanikwa juani mpaka ikawa nyeusi na nyepesi kama punje ya popkoni. Unaitoboa unaitumbukiza kwa mchuzi wa samaki. Siku hizi kwangu mchuzi bila hiyo watoto wananuna.

Kama mnataka kitu cha mkono kweli ulizeni sadu, ule mfumo wa wanawake wa Bedui wa sufu ya kondoo na manyoya ya ngamia na mbuzi, UNESCO waliuweka 2011 kwa orodha ya vitu vinavyotakiwa kulindwa haraka. Si rahisi kupata na si bei rahisi. Mimi nilinunua kipande cha upana wa mkono tu nikakitundika. Sikubishana bei maana najua mama wa kiondo anavyojisikia mtalii akimwambia mia mbili.

Na mtu asirudi bila kuvuka na abra, ile mashua ya dirham moja tu, kama bob thelathini na tano, matatu gani itakubeba na hiyo? Maji yenyewe, ule mkono wa bahari unaokata mji, wanaita Khor, si ndiyo hori yetu. Ukishuka ng'ambo utembee mpaka Al Fahidi, nyumba za zamani za mawe ya baharini zenye minara ya kushika upepo. Niliingia moja nikainua kichwa kuangalia dari, nikaona boriti. Boriti za mikoko, zile ziko kwa dari za Lamu! Majahazi yalikuwa yanakuja na kaskazi yamebeba tende, yanarudi na kusi yamebeba boriti zetu. Nilisimama pale mpaka binamu akauliza kama nimepata kizunguzungu.

La haraka haraka: ukinunua vitu vya dirham 250 kwenda juu kwa duka lililo kwa mpango wa kurudishia watalii VAT, toa pasipoti uombe wakuandikishe, VAT yenyewe ni asilimia tano, na uthibitishe eapoti kabla hujatoa begi lako. Na huku kwetu mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, usishuke JKIA umebeba zile za maduka ya eapoti, utaziacha hapo mlangoni. Beba kiondo.

Ombi langu ni moja, mkiandika tena mtuulizie wanaojua: nje ya Eastleigh, ni wapi hapa Nairobi mtu anaweza kupata ndimu kavu? Zangu zimebaki tatu.

Msomaji wenu,
South B, Nairobi