Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Jumuiya za Wagiriki na Walichokiacha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwakilishi wa Wagiriki waishio Tanzania, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule na walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Sisi wanachama wa Klabu ya Historia tunakukaribisha Kilosa kwa furaha, na tunakupa pole ya safari. Tunakushukuru zaidi kwa kuitika wito huku ukijua, maana tulikueleza kwenye barua, kwamba pamoja na kukupokea tungependa pia kukuuliza maswali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utafiti tunaousoma leo mbele yako ulianza na kipande. Mwenzetu wa kidato cha tatu alikitoa katika sanduku la marehemu babu yake akaja nacho darasani: kadi iliyolika pembeni, yenye visanduku 30, na katika kila kisanduku alama ya siku moja ya kazi iliyokamilika kwenye shamba la mkonge. Visanduku viwili vya mwisho vilikuwa vitupu. Nyuma ya kadi paliandikwa kwa wino neno moja tu, "Mgiriki". Halikuwa jina la mtu wala la shamba, lakini kila mzee tuliyemwonyesha alilielewa papo hapo, kwa kuwa huku kwetu watu walikwenda "kwa Mgiriki" kama wengine walivyokwenda sokoni au mtoni. Tukajiuliza Mgiriki huyo alifikaje hapa, na kwa nini yeye na wenzake, wachache kama walivyokuwa, walikuwa na kanisa lao, shule yao na klabu yao.

Kufika kwao hakukutusumbua sana. Wakati wa utawala wa Wajerumani, Wagiriki walikuja kwa ajili ya reli, wakiwa wakandarasi wadogo na wasimamizi wa vibarua kwenye njia ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911, na kwenye Reli ya Kati, ambayo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita hapa kwetu na kufika Kigoma mwaka 1914. Walitoka visiwa vya Bahari ya Aegean, kikiwamo Lemnos, na wengine walitoka Asia Ndogo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwaondoa Wajerumani na kuyapiga mnada mashamba yao, na waliojitokeza kununua walikuwa hasa Wahindi na Wagiriki. Hivyo mtu aliyekuja kupasua mawe ya tuta la reli akageuka kuwa mwenye shamba: mkonge huku Kilosa, Morogoro na Tanga, kahawa kule Moshi, Arusha na Oldeani.

Swali la jumuiya ndilo lililotuchukua muda, na kulijibu kulitubidi tuende hadi Misri. Mwaka 1843 Wagiriki wa Alexandria waliunda jumuiya yao, Michael Tositsas akiwa mwenyekiti wa kwanza. Neno lao la jumuiya ni "koinotita", linalotokana na neno lenye maana ya kitu cha watu wote, na kazi zake zilifanana na neno hilo: wenye mali walitoa, wanachama wakachagua kamati, na kamati ikaendesha shule, kanisa, hospitali, nyumba ya yatima na makaburi. George Averoff, mfanyabiashara tajiri aliyeiongoza jumuiya hiyo kuanzia mwaka 1885 hadi alipofariki mwaka 1899, ndiye aliyegharamia shule kubwa pale Alexandria, kisha akatoa fedha za kuukarabati uwanja wa marumaru wa Athens kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1896. Aliyemfuata baadaye katika uongozi, Emmanuel Benakis, alirudi Ugiriki akawa meya wa Athens. Mwalimu wetu wa Uraia alituambia kwamba jumuiya ya namna hiyo ni serikali ya mtaa isiyo na mgambo, nasi tumeona maelezo hayo yanatosha.

Kwa sensa ya mwaka 1927 Wagiriki wa Misri walizidi 70,000, na Wagiriki wa Tanganyika hawakuukaribia wingi huo hata siku moja, lakini mfumo wao ulikuwa ule ule. Palipokuwa na familia za kutosha palijengwa kanisa la Kiorthodoksi, na karibu na kanisa ikaja klabu. Miaka ya 1950 walikuwa na shule yao ya bweni mjini Arusha, na katika eneo hilo leo kuna shule ya kimataifa inayobeba jina la Mtakatifu Constantine. Sababu haikuwa mapenzi ya lugha na dini peke yake. Serikali ya kikoloni iliwapanga watu katika mafungu matatu, Wazungu, Waasia na Waafrika, na ingawa kwenye makaratasi Wagiriki walihesabiwa Wazungu, Waingereza wengi hawakuwaona kuwa wenzao. Mtu asiyekaribishwa kwenye klabu ya jirani hujenga ya kwake.

Hapa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba radhi kwa kusema wazi, kwa kuwa wewe ni mgeni wetu na mgeni hadanganywi. Klabu hiyo iliyojengwa na watu waliofungiwa mlango nayo haikumfungulia mlango manamba. Mababu zetu wengi walifika Kilosa kutoka Kigoma, Songea na hata Burundi kwa mkataba wa mkonge. Walikata majani tangu alfajiri, wakipunguza kwanza mwiba wa ncha usiwachome, wakayafunga vitita vya majani 30, wakavibeba hadi kwenye reli ndogo ya shamba, na mshahara haukulipwa mpaka visanduku vyote vya kipande viwe vimetiwa alama. Fedha zilizojenga makanisa na shule za jumuiya zilipitia mikononi mwao. Wenzetu wachache walitaka sentensi hii iondolewe kwenye risala kwa sababu ya adabu. Tulipiga kura, ikabaki.

Kura hiyo hiyo iliamua pia kwamba tusimsahau George Arnautoglu, Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge. Yeye alitoa fedha za kujenga ukumbi wa jamii pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ukumbi huo haukuwa wa Wagiriki. Ulikuwa wa wananchi wa mji, na wananchi wakaufanya wao kwanza kwa kulitengeneza jina lake likae vizuri mdomoni: Anatoglo. Ndani ya ukumbi huo, tarehe 17 Aprili 1953, Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa chama cha Tanganyika African Association (TAA) akishindana na Abdulwahid Sykes, na mwaka uliofuata chama hicho kikazaa TANU. Sisi hatudhani kwamba mtoaji alikusudia hayo. Ila tunaona kwamba kati ya vyote vilivyojengwa na Wagiriki katika nchi hii, hicho walichokiacha wazi kwa wengine ndicho ambacho jina lake linatajwa hadi leo na watu wasiojua kabisa kwamba ni jina la mtu.

Kuondoka kwao kunaelezeka kwa maneno machache. Bei ya mkonge ilianza kuporomoka mwaka 1964 kwa ushindani wa nyuzi za viwandani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likafuatwa na kutaifishwa kwa sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Na mwaka 1973 yakataifishwa mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro. Misri ilikuwa imetangulia. Mwaka 1956, Mfereji wa Suez ulipotaifishwa na marubani wengi wa kigeni wa meli wakaacha kazi, marubani wa Kigiriki walibaki kazini, lakini utaifishaji wa mwaka 1961 ulizigusa biashara za Wagiriki pia na wengi wakahama. Jumuiya ya Alexandria ingalipo, ikiwa ndogo. Huku kwetu kilichokua ni kanisa. Mwaka 1958 Upatriaki wa Alexandria, unaoliongoza Kanisa la Kiorthodoksi barani Afrika, ulianzisha jimbo la Afrika Mashariki na kuliita Irinoupolis, yaani mji wa amani, ambayo ni tafsiri ya Kigiriki ya Dar es Salaam, na leo Waorthodoksi wengi wa nchi hii ni Waafrika, hasa upande wa Kagera na Mwanza, wakiongozwa na mapadre wa huko huko.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu hayahusu saruji wala mabati. Tunaomba jumuiya yako iturudufishie kurasa za madaftari yake ya zamani zinazohusu Kilosa na Kimamba, iwe ni ya kanisa, ya klabu au ya michango, na itupatie mtu wa kutusomea Kigiriki kilichoandikwa kwa mkono, maana sisi tumejifunza herufi zake kwenye hisabati tu. Sisi kwa upande wetu tunaendelea kurekodi sauti za wazee waliofanya kazi mashambani, na tutakukabidhi nakala. Waliobaki ni wachache na mwaka huu pekee tumewazika wawili kabla hatujarudi kwao mara ya pili.

Ombi la mwisho ni la familia ya mwenzetu. Wangependa kujua babu yao alifanya kazi katika shamba lipi, na kwa nini zile siku mbili hazikujazwa. Ikiwa kuna familia yoyote ya Kigiriki, iwe Athens, Cyprus au Johannesburg, iliyoondoka na daftari la mishahara la shamba la Kilosa, huenda yumo. Jina lake linaweza kuwa limekosewa, kama ilivyokuwa kawaida, lakini kipande kina namba, nasi tumeinakili katika bahasha utakayopewa na katibu wetu.

Tunaomba kuwasilisha.