Kwa wenyeviti wa mitaa ya Moshi: darasa lifuate saa ya mwanafunzi

Wenyeviti wetu wapendwa,

Mlio umri wa wanangu, marahaba. Mlio rika langu, habari za siku nyingi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa kisomo cha watu wazima, na nawaandikia ninyi badala ya mkurugenzi au mbunge kwa sababu ninyi ndio mnaojua nani anaishi nyuma ya geti lipi.

Tangu mlipochaguliwa Novemba 2024 sijaacha kuja kwenye mikutano ya mtaa. Tunajadili taka, mitaro, ulinzi shirikishi, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Elimu ikitajwa, ujue ni mchango wa madawati. Yaani tumekubaliana kimyakimya kwamba elimu ni ya mtoto aliyevaa sare, akiivua basi. Hapo ndipo nataka tugombane kidogo.

Sisi wa Kilimanjaro hatuna udhuru. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata wilaya sita zikatangulizwa katika vita vya kufuta ujinga: Mafia, Ukerewe, Masasi, Kisarawe, Pare na Kilimanjaro. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kusema kwamba tukiwangoja watoto wakue ndipo nchi iendelee, tutangoja sana. Tuanze na wazazi wao. Wengi waliofundisha walikuwa vijana waliomaliza shule ya msingi tu. Madarasa yalikuwa makanisani, misikitini, chini ya miti. Mwaka 1967 watu wazima kama 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 hesabu ya serikali ilionyesha wamebaki chini ya 10. Kisha fedha zikakauka, tukalegea, idadi ikapanda tena.

Watu husifu hotuba na redio za wakati ule, na kweli zilisaidia. Lakini mtu alikuja darasani kwa sababu darasa lilikuwa karibu na kazi yake, lilianza baada ya kazi hiyo, na kitabu kilizungumza habari za kazi hiyo: pamba, ndizi, uvuvi, ufugaji. Leo tukisema elimu ya watu wazima tunaweka tangazo ubaoni, tena kwa maandishi, kumwita mtu asiyejua kusoma.

Nendeni soko la Mbuyuni mkatazame. Mama wa ndizi akiingiziwa fedha kwenye simu, humpa kijana wa meza ya jirani amsomee ujumbe. Siku ya kutoa humpa kijana yuleyule, na namba ya siri humtajia kwa sauti, juu ya matenga ya parachichi, soko zima likisikia. Mama huyu ukimwalika ngumbaru, yaani darasa la watu wazima wasiojua kusoma, haji, ataona haya. Mwambie ni somo la kusoma meseji za fedha na kuilinda namba yake, lifanyike palepale sokoni wateja wakipungua mchana, atakuja na shoga yake. Herufi zitaingia humohumo.

Sasa niseme jambo ambalo wengine mtanichukia. Wadada wa kazi. Wako katika nyumba zetu, zikiwemo za wenyeviti, maana chai zao nimekunywa. Wengi wametoka mikoa ya mbali, baadhi waliacha shule darasa la tano, wengine walipata ujauzito wakiwa kidato cha pili. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito arudi shuleni, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina njia ya kusoma sekondari nje ya mfumo wa kawaida. Njia ipo. Anayeifunga ni mwajiri anayesema, "Akienda kusoma nani atanipikia?" Mwenyekiti, huwezi kusimama mkutanoni kuhubiri elimu wakati binti wa jikoni kwako hana hata Jumapili alasiri moja ya kwake. Mpe saa zake. Ukimpa wewe, jirani yako atashindwa kumnyima wa kwake.

Kuna na wasiofika mkutanoni kabisa, au wanafika bila kuambulia kitu. Kiziwi hukaa nyuma akitazama midomo yetu, akiona mikono imenyooka naye ananyoosha. Anapigia kura nini? Mwaka 2010 tulitungiwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na katika ile asilimia 10 ya mikopo wametengewa asilimia 2, lakini fomu hazijisomi zenyewe. Moshi hii ina Shule ya Msingi Mwereni, ambako watoto wasioona wamekuwa wakisoma pamoja na wanaoona, kwa hiyo nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, si jambo geni mjini kwetu. Mzee anayepofuka akiwa na miaka 60 naye anahitaji mtu wa kumwambia kwamba bado anaweza kujifunza.

Kwa vijana wa gereji na mafundi ujenzi nitakuwa mfupi: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Waambieni. Wengi wanadhani lazima waanze upya darasani na watoto.

Najua mtaniambia hakuna bajeti. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ina mtandao wa miji inayojifunza, na mwaka 2019 miji hiyo ilikutana Medellín, Kolombia, kuzungumzia namna ya kutomwacha mtu nje. Mji ule uliwahi kuogopwa duniani kwa mauaji. Ukaamua kujenga maktaba nzuri kwenye vilima vya maskini, badala ya kuzirundika katikati ya mji. Sisi hatuhitaji kujenga kitu vilimani. Cork, kule Ayalandi, tangu 2004 huwa na tamasha la kujifunza la siku kadhaa kila mwaka, ambapo wenye ujuzi hufungua milango na kufundisha bure. Hilo hata mtaa mmoja wa Pasua au Njoro unaliweza, na vyumba vya madarasa vinakaa vitupu kuanzia saa kumi jioni.

Ninachowaomba ni hiki. Kabla ya mkutano ujao, kila mjumbe apite nyumba kwa nyumba kwenye eneo lake aulize maswali mawili: nani hapa angependa kujifunza kitu, na ni saa ngapi ana nafasi? Asisahau kumuuliza na binti wa kazi, tena asimuulize mbele ya mwajiri. Orodha mkishaipata, mwombeni mwalimu mkuu funguo za madarasa mawili kwa maandishi, na nakala apewe afisa elimu ya watu wazima wa Manispaa. Walimu wastaafu tumejaa kila mtaa, tunacheza bao. Mkituletea ratiba yenye saa za watu, sisi tutakuja na chaki.