Barua ya wazi kwa akina baba vijana: binti aliyesema samahani

Wanangu,

Nawasalimu, kila mmoja kwa imani yake. Nawaandikia ninyi akina baba wenye watoto wadogo, hapa Muheza na kokote mlikokwenda kutafuta riziki.

Wiki iliyopita watoto wa jirani walikuwa wakicheza baba na mama chini ya mwembe wangu. Mvulana kakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kipande cha boksi sikioni, ndiyo simu. Binti kajifunga kanga iliyomzidi urefu, mdoli wa matambara mgongoni, anapuliza moto usiokuwepo. Mvulana akamkemea: "We mama, chakula bado tu?" Binti akajibu upesi bila kunyanyua kichwa: "Samahani baba, kuni mbichi." Wakaendelea kucheza, wanacheka. Mimi hamu ya uji wangu ikaniisha. Yule binti ana miaka 7. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha kuomba radhi kwa sababu ya kuni mbichi. Neno hilo kalisikia likitoka jikoni kwao.

Niliingia ualimu mwaka 1978, enzi za UPE, taifa lilipotafuta walimu mpaka vijijini ili watoto wote waende shule. Tulijivunia kuwaona wasichana na wavulana dawati moja, na haki ya kujivunia tulikuwa nayo. Lakini nina deni, na leo nalisema. Nikiwa mwalimu wa zamu niligawa kazi za asubuhi hivi: wavulana wafyeke nyasi, wasichana wakachote maji ya shule na ya nyumba za walimu. Kufyeka kulikuwa na mwisho. Kengele ikilia, panga chini. Maji hayakuwa na mwisho, iliyoamua ni foleni ya kisimani. Wasichana waliingia darasani hesabu imeshafika katikati ya ubao, gauni limelowa begani, na mimi huyo huyo niliyewatuma nikawauliza kwa nini wamechelewa. Baadhi yao niliwachapa. Matokeo ya darasa la saba yakitoka, tukakaa ofisini tukasema wasichana hesabu haziwaingii.

Na hatukukosa wa kutuambia. Azimio la Arusha, mwaka 1967, lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu hawapumziki, wakati wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Tuliwakaririsha watoto maneno hayo, kisha tukarudi nyumbani kungoja maji ya kuoga.

Mtaniambia jikoni si mahali pa mwanaume, ndivyo tulivyokuta. Basi tokeni nje mtazame. Anayekaanga chipsi stendi ni mwanaume. Dobi ni mwanaume. Anayeshona magauni ya harusi kwa cherehani barazani ni mwanaume. Kwenye shughuli, sufuria la pilau la watu 300 linakorogwa na wanaume vifua wazi, na hakuna anayewanyooshea kidole. Mkono wa mwanaume haujawahi kuukataa mwiko wala sabuni. Unaukataa pale tu pasipo na malipo wala sifa. Mtoto ana macho, na jibu analipata bila kuambiwa: kazi ya dada haina bei, kwa hiyo na muda wa dada hauna bei.

Halafu kuna neno limbwata. Mwanaume akionekana anafua nepi za mwanawe, mtaa mzima unasema kalishwa kitu. Naomba tuliache neno hilo, hasa mbele ya watoto. Ninyi Waislamu mnajua Bi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia ahali zake, na wakati wa swala ukifika huenda kuswali. Ninyi Wakristo mmesoma kwamba Yesu, baada ya kufufuka, aliwaandalia wanafunzi samaki juu ya moto wa makaa kando ya bahari ya Tiberia, akawaita waje wafungue kinywa. Hao walikuwa wamelishwa nini?

Liko jambo jingine, dogo, ila mimi ndilo linaloniuma zaidi. Likizo iliyopita mjukuu wangu wa kiume, darasa la tatu, aliosha vyombo kwa mara ya kwanza. Nyumba nzima ikamshangilia, hongera baba, na soda akanunuliwa. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni. Yeye anaviosha vyombo hivyo tangu akiwa darasa la kwanza, na sikumbuki hata siku moja niliyomwambia ahsante. Hakusema kitu. Aliinama, akachukua beseni, akaenda kumwaga maji machafu ambayo kaka yake aliyaacha.

Kwa hiyo msimsifu kijana kama mgeni aliyejitolea. Amekula humo, vyombo ni vyake. Wala msimwambie "msaidie dada yako", maana hapo mmeshatangaza kazi ni ya nani. Mwambieni "leo ni zamu yako", basi. Mtoto wa miaka 6 anaweza kuondoa sahani yake na kutandika kitanda. Wa miaka 8 afue soksi na shati lake la shule. Wa 12, awe wa kike au wa kiume, anaweza kusonga ugali wa nyumba nzima ukimsimamia. Binti naye mfundishe kuziba pancha ya baiskeli, na usimnyang'anye kazi katikati eti anachelewesha.

Na ukirudi kazini saa 12 jioni, kabla hujakaa, tazama nani ameshika daftari na nani ameshika sufuria. Mwanga wa mchana una thamani, umeme wetu mnaujua. Ukikuta kila siku daftari liko kwa kaka na sufuria iko kwa dada, usije ukaniuliza mwakani kwa nini mmoja kafaulu na mwingine kafeli. Jibu nililiandika kwa mkono wangu kwenye daftari la mahudhurio, miaka na miaka, sikulisoma.

Mama zao watawacheka siku za mwanzo, wengine hata watawafukuza jikoni kwa kuona aibu ya majirani. Wavumilieni. Nao walisema samahani hiyo wakiwa wadogo.

Jumatatu shule zinafunguliwa. Jumapili mchana kila mtoto apewe beseni lake na kipande chake cha sabuni, nawe uchukue kigoda ukae nao hapo uani, ufue shati lako la kazini.

Mwalimu wenu mstaafu,
Muheza, Tanga