Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wakaao Botini, Mwaka Ulioishia Machi 2025

Ndugu wanachama,

Ya kawaida nayapitia haraka, mnayajua. Mikutano minne iliitishwa, miwili ikakosa akidi. Usafi wa kingo za mfereji wetu hapa London ulifanyika. Boti mbili zilipandishwa nchi kavu kupakwa lami tumboni. Boti tatu zimepata cheti cha usalama cha miaka 4. Ya nne ilikwama kwa mpira wa gesi uliochakaa, na mwenyewe anajijua. Ile ruzuku ya pauni 400 ya bili za nishati ya mwaka 2023 ilitupita wengi kwa kukosa anwani ya nchi kavu. Barua tatu nilizoandika mimi mwenyewe hazijajibiwa hadi leo.

Sasa nije kwenye dizeli, maana imenipa majina mengi mwaka huu.

Oktoba, boti ya makaa, ile inayotuuzia makaa na mafuta, ilipopita kati ya Northolt na Alperton, niliagiza kwa niaba ya boti 14: lita 1,400 za dizeli nyekundu, ile iliyotiwa rangi kwa kuwa ushuru wake ni mdogo, na mifuko 90 ya makaa yasiyo na moshi, ya kilo 25. Jumla ilizidi pauni 3,200, zikatoka kwenye mfuko wa chama. Ni kweli sikuitisha mkutano. Boti ya makaa haisubiri akidi, na bei ile isingerudi.

Lawama kubwa ni kwamba nilikubali bili ihesabiwe asilimia 60 ya kusukuma boti na 40 ya matumizi ya nyumbani. Hata baada ya sheria kubadilika Aprili 2022 bado tunaruhusiwa dizeli nyekundu, ila sehemu ya kusukuma boti inalipiwa ushuru kamili, yaani nyongeza ya zaidi ya peni 40 kwa kila lita. Baadhi yenu mlitaka yote iandikwe ya kupasha joto. Jamani! Leseni zetu wengi ni za boti zisizo na gati la kudumu, za kuhama kila baada ya siku 14. Utamwambiaje msimamizi wa mfereji kwamba unahama kila wiki mbili, kisha umwambie muuza mafuta kwamba boti haijasogea tangu Agosti? Najua Januari injini inanguruma kwa muda wa saa tatu kwa ajili ya betri tu, propela imelala, na sola haitoi kitu. Mwenye hesabu yake angeileta kwangu mapema. Hakuna aliyeileta. Kwa aliyechukua lita 100, ushuru wa ziada ni pauni 25 na ushee, ukiacha VAT. Kwa pauni hizo nimeitwa mwizi, tena kwenye kundi la simu, mbele ya wake zetu.

Ada ni pauni 5 kwa mwezi. Wanachama tuko 23, waliolipa yote ni 9. Mafuta na makaa bado yanadaiwa pauni 1,140. Mkutano wa Novemba nilipika pilau ya watu 20 kwa mtungi wangu wa kilo 13, tukala sita. Waliokosa walisema mvua. Mvua, kwa watu wanaoishi juu ya maji!

Nyongeza ya leseni kwa sisi tusio na gati ilianza asilimia 5 Aprili 2024, na itapanda hadi 25 ifikapo 2028. Kamati italitazama. Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia bei nzuri zaidi ya mafuta, na pengine sola za pamoja.

Shukrani kwa mhazini, ambaye akiwapigia simu hampokei.

Mwisho, mifuko ya makaa. Ishirini na miwili ililala upande mmoja wa paa langu majira yote ya baridi, boti ikainama hadi chai ikawa inamwagika mezani. Bado imebaki 11. Nipo Northolt hadi Jumapili ijayo. Siku zangu 14 zikiisha nahama nayo.

Mwenyekiti